Shahidi wa Mama

Niliambiwa baba amefariki nikiwa darasani nasahihisha madaftari ya hesabu, na nikamaliza kusahihisha. Nalisema hili mwanzo kabisa ili mtu anayetaka kuniona binti mbaya aanze mapema, asingoje mpaka mwisho. Mwalimu mwenzangu aliyeniletea habari alisimama mlangoni akiwa ameshika kifua, akingoja nilie, akaniona naweka vema kwenye daftari la mtoto wa watu, akaondoka taratibu kwenda kuwaambia wenzake kwamba Mwalimu Somoe amepatwa na mshtuko. Sikupatwa na kitu. Nilikwenda kuzika, nilikaa matanga, nilipika na kuosha masufuria, na siku ya arobaini nilirudi pale Likombe, Mtwara mjini, kwenye nyumba aliyoijenga uzeeni, nikaketi mkekani pamoja na mjane wake na watoto wao watatu kusikiliza jinsi alichoacha kitakavyogawanywa.

Mkubwa wao anaitwa Juma, na ndiye ukoo ulimchagua kuwa msimamizi wa mirathi. Ni fundi bomba, mtu wa sauti ndogo, anayevua viatu hata pale asipotakiwa kuvivua. Nilijitahidi miaka mingi nisimpende na nikashindwa. Shehe alikuwa amekwisha kutueleza mafungu: mjane thumni yake, mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike. Hakuna aliyebisha, pilau lilikuwa bado la moto na kila mtu alitaka mambo yaishe salama. Ndipo Juma akakohoa kidogo. "Dada Somoe," akasema, "ile mikorosho ishirini na minne ya kule kijijini, sisi tumekaa tukaona uichukue wewe. Ardhi ni ya ukoo wa mama yako, na nyumba ya mama yako iko pale pale. Sisi kwenda kule kila mwaka ni kama tunamwingilia mama wa watu." Watu wakasema alhamdulillahi. Mimi nikasema ahsante, mdogo wangu, nikaisogeza sahani yangu ya pilau pembeni. Mikorosho ile haikuwa ya baba. Katika watu wote waliokaa mkekani ni mimi peke yangu niliyelijua hilo, na nililijua kwa sababu ni mimi niliyempa.

Jumatatu tulitakiwa mahakamani kuweka saini orodha ya mali ya marehemu. Nilikuwa na siku tatu za kuamua nitasema nini mbele ya karani, na siku hizo tatu, badala ya kuamua, nilikaa ndani kwangu na kuukumbuka mwaka mmoja tu, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la nne, mtoto pekee wa mama Asumini na bwana Saidi.

Kwetu ni upande wa kwenda Kilambo, karibu na mto Ruvuma, na kwetu mwanamume akioa huhamia kwa mke. Hujenga kwenye ardhi ya ukoo wa mke, hulima hapo, huzaa hapo, na siku wakiachana huondoka na nguo zake. Ardhi inabaki kwa mwanamke na kaka zake. Lakini mti una habari nyingine. Mti ni wa aliyeupanda, hata kama mizizi yake imo kwenye ardhi ya mwenziwe. Nyuma ya nyumba yetu, penye mwinuko, palikuwa na mikorosho ishirini na minne ambayo tuliiita ya juu. Niliiona inapandwa. Nilikuwa na miaka mitano, mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na baba alikuwa ng'ambo ya Ruvuma kwa hicho alichokuwa akikiita biashara. Mama alichimba mashimo asubuhi mbili mfululizo, khanga kaifunga kiunoni, na mimi nikamfuata nyuma na kikapu cha mbegu. "Tatu tatu," alikuwa akiniambia, "usizidishe." Sikuzidisha ila shimo la mwisho. Mkononi ilibaki mbegu moja, nikaionea huruma, nikaitia na yenyewe ikawa ya nne, nikafukia haraka kabla mama hajageuka. Siku ile hatukuwa na mtu mwingine pale, ni mimi na yeye na jembe.

Talaka ilikuja mwezi wa kwanza, ikiwa imeandikwa kwenye karatasi ya daftari na kukunjwa mara nne. Kwa miaka mingi niliamini baba ndiye aliyemwacha mama, kwa sababu ndivyo mtoto anavyoona: aliyebeba mzigo ndiye aliyeondoka, na aliyeondoka ndiye aliyeacha. Nilikuwa mtu mzima nina watoto wangu nilipojua kwamba mama ndiye aliyeidai karatasi ile, tena aliidai miaka miwili. Baba alikuwa na mke mwingine ng'ambo, na kila akirudi kwetu alikuwa akiondoka na kitu cha ndani. Mara ya kwanza ilikuwa redio. Mara ya pili ilikuwa cherehani ya mama, aliyonunuliwa na marehemu bibi alipotoka unyago. Mama hakumlilia mume, alililia cherehani. Mimi nilikuwa namsikia akilia chumbani nikadhani analia kwa kumkosa baba, na huruma yangu yote, huruma ya kitoto isiyojua inakokwenda, ikaanzia hapo.

Nyumba ile iligeuka. Ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi, na jiko la nje lililoezekwa makuti, na katika vyote hivyo hapakuwa na mahali ambapo sikumkuta baba hayupo. Msumari wake wa kutundikia kofia ulibaki ukutani. Mama aliung'oa siku ya tatu, akautumia kutundikia ungo jikoni, na nikamchukia kwa hilo. Chakula hakikubadilika: ugali wa mihogo mikavu tunayoiita makopa, kisamvu, siku nyingine ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha na chumvi, na samaki mkavu wa pwani ya Msimbati pale mjomba Mfaume alipotukumbuka. Kilichobadilika ni kwamba mama alianza kula akiwa anatazama mlango kwa amani, kama mtu ambaye hategemei mgeni, na mimi nilikula nikiutazama mlango ule ule nikimtegemea.

Mwezi wa tatu walikwenda kwenye baraza la usuluhishi na hawakusuluhika. Talaka haikuwa na mgogoro. Mgogoro ulikuwa mikorosho ya juu, ambayo ilikuwa imeanza kuzaa vizuri. Mjomba Mfaume alimwambia baba mbele za watu, "Shemeji, wewe ulikuja hapa na shati. Toka na shati." Baba akaenda kufungua shauri mahakama ya mwanzo. Alisema mikorosho aliipanda yeye, kwamba mwaka ule alirudi kutoka ng'ambo kwa majuma mawili, akachimba, akapanda, akaondoka tena. Mjomba alisema ni uongo mtupu. Lakini mjomba mwenyewe mwaka ule alikuwa akifanya kazi Mtwara mjini, na majirani waliokuwepo nusu walikuwa ndugu zetu na nusu marafiki wa baba, na hakimu hakuwasadiki wote. Basi mama akasema ana shahidi mmoja ambaye ni ndugu wa wote wawili. Akanitaja mimi.

Hapa ndipo ninapolazimika kueleza nilichokisikia jikoni. Mama alikuwa na shoga yake, Bi Mwanahawa, mwanamke wa maneno mengi aliyekuwa akija kupura na kupepeta mpunga kwetu ili apate mtu wa kuzungumza naye. Siku moja mchana nilikuwa nyuma ya jiko naosha vyombo, na wao ndani wanachambua mbaazi. Bi Mwanahawa akasema, "Shoga, mie nakwambia. Mwanamume akishaondoka hana kitu kwenu, huyo kaondoka, humwoni tena. Lakini mwenye mikorosho kwenu, atake asitake, msimu ukifika utamwona. Si unamwona baba Zena? Kamwacha mkewe miaka sita, lakini mikorosho yake iko palepale mlangoni kwa mwanamke. Kila mwezi wa kumi anakuja kuokota, anaomba maji, anaomba pa kulala. Haya, mwaka jana wamerudiana." Mama alijibu kitu. Alijibu kwa sauti ya chini, na jibu lile ndilo lingenifundisha kila kitu, lakini sikulisubiri. Nilikwisha kukipata nilichokuwa nakitafuta. Niliacha sufuria na mchanga wake nikaenda kukaa peke yangu chini ya mkorosho, nikicheka mwenyewe kwa furaha.

Siku chache kabla ya hakimu kuja shambani kunisikiliza, baba alinisubiri njiani nikitoka shule. Alikuwa na shati jipya la kitambaa cha ng'ambo na maandazi mawili kwenye gazeti. Tukakaa kwenye gogo. "Somoe, mama," akaniambia, maana hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita akiwa na shida, "nasikia utaulizwa." Nikasema ndiyo. Akatazama viatu vyake. "Mimi ile mikorosho nikiipata, nitakuwa nakuja. Nisipoipata, nitakuja kufanya nini pale? Mjomba wako atanifukuza kama mbwa." Nikamuuliza, utakuja kila msimu? Akasema, "Kila msimu, inshallah." Hakusema nidanganye. Mpaka leo, nikitaka kumtupia lawama yote, nagonga hapo hapo: hakusema. Alinipa andazi la pili nikale na mama, na nikalila njiani.

Hakimu alikuja mwezi wa sita na karani mmoja na wazee wawili wa baraza, viatu vimejaa mchanga, na baba na mjomba Mfaume walikuwa wamekwisha kufika. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua na harufu yake ilikuwa imetanda mpaka uani. Mama alikuwa ameazima viti vitatu kwa majirani, akavipanga kivulini, akavifuta kwa khanga yake. Alikuwa amevaa vizuri. Nalikumbuka hilo kuliko maneno yote: alikuwa amesuka, amejifunga doti mpya ya khanga, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda kulipokea la kwake. Akasema, "Mheshimiwa, siku ile tulikuwa wawili tu, mimi na huyu. Muulizeni." Akanisukuma mgongoni kidogo kwa kiganja, kama alivyokuwa akinisukuma kwenda shule.

"Unaitwa nani?" hakimu akauliza.

"Somoe."

"Somoe, unajua maana ya kusema kweli?"

"Najua."

"Mtu akisema uongo anakwenda wapi?"

"Motoni."

"Vizuri. Haya niambie, mashimo ya mikorosho hii alichimba nani?"

"Alichimba baba."

Karani akaandika. Mmoja wa wazee, mwenye kofia ya kufuma, akainama mbele akaniuliza mama alikuwa wapi. Nikasema alikuwa anapika. Akaniuliza, na mbegu aliweka nani, mjukuu wangu? Nikasema niliweka mimi, tatu tatu. Yule mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa sababu mtoto asiyekuwepo asingejua ni tatu. Hiyo ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoubeba uongo mgongoni ukapita. Kisha hakimu akaniuliza, wazazi wako wameachana, ungependa kukaa na nani? Nikasema na mama, tena kwa sauti kubwa, nikidhani hapo nampa mama haki yake. Hesabu yangu ilikuwa imetimia. Mama nitakuwa naye nyumbani, baba atakuwa juu kwenye mikorosho, na katikati ni hatua arobaini ambazo ningezitembea na sahani ya chakula. Nilijiona mtoto mwerevu kuliko wote wa kijiji kile.

Hakimu akamgeukia mama. "Huyu ni shahidi wako mwenyewe. Una swali la kumuuliza?" Sikumtazama mama, nilitazama miguu yake. Ilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo, na vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vimejikunja vikashika ardhi. Angeweza kuniuliza. Swali moja tu, nimelifikiria maisha yangu yote: angeniuliza siku ile alipika nini, au baba alitumia jembe gani, na mimi ningebabaika pale pale na kulia na kusema kweli mbele ya watu sita. Karani aliinua kichwa, kalamu mkononi. "Sina swali," mama akasema.

Walipoondoka mjomba Mfaume alivunja kijiti cha mpera akaja kwangu. Mama akasimama katikati. "Usimguse," akamwambia. "Amesema alichosema." Mjomba akamwambia, "Asumini, mtoto kakuuza." Mama akamjibu, "Nimesikia, kaka. Nilikuwepo." Akarudisha viti vya watu. Akapika. Siku ile palikuwa na samaki, changu mzima wa kuchoma aliyewekwa kwa ajili ya furaha ambayo haikuja, na alipopakua aliniwekea upande wenye nyama, yeye akachukua kichwa. Nikakaa mbele ya sahani sikuweza kunyanyua mkono. "Kula," akaniambia. Basi. Sikusikia neno jingine juu ya jambo lile kutoka kinywani mwake, mwaka ule wala miaka iliyofuata. Watu husema mama mwema ni yule anayesamehe. Mimi nasema kuna siku nilitamani kijiti cha mjomba.

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata. Ardhi ya ukoo wa mke, mikorosho ya mume, mtoto kwa mama, na baba akapewa ruhusa ya kuja kumwona mtoto wakati wowote unaofaa. Ruhusa ile hakuitumia hata mara moja. Kabla maua hayajapukutika alikuwa amekwisha kuiweka mikorosho rehani kwa Mzee Chande, mnunuzi wa korosho, misimu minne mfululizo, akachukua chake akavuka Ruvuma. Mimi sikujua. Mwezi wa kumi ulipofika nilianza kuvaa gauni safi nikitoka shule, nikawa nakaa kwenye lile gogo mpaka jua linapungua makali. Walikuja vibarua wa Mzee Chande na msimamizi wao, kijana mwenye daftari, nami nikamfuata kumuuliza baba anakuja lini. Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye binti yake? Baba yako keshaula msimu huu na mingine mitatu. Nenda nyumbani."

Msimamizi yule alikuwa anatafuta waokotaji, na mama akachukua tenga lake akaenda kuandikisha jina. Ningependa kusema alifanya hivyo kwa kunikomoa, ningepumua. Alifanya hivyo kwa sababu chumvi ilikuwa imekwisha na mimi sikuwa na sare. Nilikwenda naye. Tuliokota chini ya miti yake, mimi na yeye, tukanyofoa korosho kwenye mabibo, tukazitia kwenye magunia ya mtu mwingine, mikono ikatuchubuka kwa utomvu. Kijana wa daftari alipita akasema, "Mama, hizo zilizofunikwa na majani usiziache, mwenyewe atalalamika." Mama akajibu, "Haya, mwanangu," akainama akafukua majani. Nilimtazama mgongo wake. Nilijua kila shimo lile lilikuwa la jembe lake, na yeye alijua kwamba mimi najua, na tuliokota hivyo mpaka mwezi wa kumi na mbili. Huo ndio mwaka wangu. Mengine yote, masomo, ualimu, ndoa, wajukuu, nimeyapanda juu ya mwaka huo.

Naomba niseme jambo moja hapa kabla sijafika mahakamani. Kwa miaka ishirini na saba ya kushika chaki sijawahi kumwadhibu mtoto kwa kusema uongo. Walimu wenzangu wananicheka, wanasema kwa Mwalimu Somoe unaweza kusema umekula madaftari yako. Wacheke. Mimi namtazama mtoto anayedanganya nawaza, huyu anamtaka nani arudi.

Kwa sababu baba alirudi, jamani. Rehani ilipoisha alikuja, msimu wa tano, na hakukosa msimu mmoja tena mpaka miguu ilipokufa. Alikuja na mkewe na Juma mgongoni mwa mkewe, wakajenga kibanda cha makuti juu pale kwenye mwinuko, wakawa wanakaa miezi mitatu kila mwaka, wakiokota, wakipika, wakichekeana. Moshi wa jiko lao uliingia ukumbini kwa mama. Mtoto wao alikuja kuomba maji na mama akampa. Mwanamume ambaye mama alipigania miaka miwili kumtoa nyumbani kwake, mimi nilimrudisha mlangoni pake kwa hukumu ya mahakama, kila mwaka, kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilichokitaka nilikipata chote.

Jumatatu nilikwenda. Juma alikuwa ameshafika, amevaa kanzu, ameniwekea nafasi kwenye benchi. Karani, binti mdogo ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha, alisoma orodha: nyumba ya Likombe, baiskeli, pampu ya kupulizia dawa, mikorosho ishirini na minne, vyote mali ya marehemu. Akanipa kalamu. Nikamwambia ile mikorosho, binti yangu, ina maneno kidogo. Akasita. "Maneno gani, mwalimu? Ipo hukumu ya zamani inasema ni yake. Kama unapinga naifuta kwenye orodha, halafu ulete maelezo yako ya kiapo, kwamba wewe unasema nini." Juma akanigeukia, na wala hakuwa na hila usoni. "Dada, kuna tatizo? Mama mkubwa kule kijijini anasemaje?" Kwa hiyo msije mkasema nilikosa nafasi. Nilipewa nafasi, kalamu na mtu wa kunisikiliza. Lakini nikajiona naapa kwamba nilikuwa mwongo, mwalimu mzima, mbele ya Juma na binti yule, na kesho yake mji mzima unajua. Nikajiambia, si inakwenda kwetu vilevile? Kwa njia hii au ile, inarudi kwa mama. Nikasema hapana, hakuna tatizo. Nikaweka saini.

Nilikwenda kijijini siku ileile, nakala iko kwenye mkoba. Mama sasa ni mzee, anatembea ameshika kiuno, lakini macho yake yanaona vizuri kuliko yangu. Nilimkuta uani anageuza makopa juani. Nikamsalimu shikamoo, nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikamwambia, "Mama, mikorosho ya juu imerudi." Aliendelea kugeuza vipande vyake.

"Imerudi kwa nani?"

"Kwangu. Kwako. Wamenipa kwenye mirathi."

Akanyoosha mgongo taratibu. Akautazama mwinuko, kibanda cha makuti cha baba kimekwisha kuanguka upande mmoja, kisha akanitazama mimi, na nikaona vidole vya mguu wa kushoto vinajikunja mchangani. "Somoe," akasema, "hakimu yule aliniuliza kama nina swali. Nikasema sina. Nilikuwa nalo."

"Uliza, mama."

"Mashimo yale alichimba nani?"

"Ulichimba wewe."

"Mbegu?"

"Niliweka mimi. Tatu tatu. Shimo la mwisho niliweka nne."

"Nilikuona," akasema, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile uso wake ukalegea, ukawa uso wa yule mwanamke mwenye jembe, na machozi yakanijaa nikasema sasa, sasa imekwisha. Akanyoosha mkono. "Hebu hiyo karatasi. Mimi sijui kusoma, nisomee. Leo umewaandikia ya nani?"

Niliifungua. Niliyaona maneno na saini yangu chini yake, saini ya mwalimu, nzuri, iliyonyooka. Sikuwa na miaka kumi na mmoja na hakuna aliyekuwa amenipa andazi.

"Ya baba," nikasema.

Mama akatikisa kichwa polepole kama alivyotikisa yule mzee mwenye kofia. "Haya," akasema. "Sina swali jingine." Akainama akaanza kukusanya makopa yake kwenye ungo, maana upande wa Msimbati mawingu yalikuwa yameanza kufunga.